Kadi za besiboli za karne ya 19: namna ya kuanza bila kuuziwa feki

Miaka ya 1880 kampuni za tumbaku za Marekani zilikuwa zikitia kipande cha kadibodi ndani ya paketi ya sigara ili paketi isipondeke. Wakaona kumbe wakichapa juu yake picha ya mchezaji, mvutaji atarudi kutafuta nyingine. Vipande hivyo ndivyo leo vinapiganiwa minadani. Mimi nazikusanya nikiwa huku huku Marekani, na wanaoumia ninaowaona karibu wote ni wale waliotanguliza pochi. Fuata mpangilio huu.

Hatua ya 1: Zizoee kwa macho, bure

Ingia kwenye tovuti ya Maktaba ya Bunge la Marekani, tafuta mkusanyo wa Benjamin K. Edwards. Kuna kadi takriban 2,100 za kati ya 1887 na 1914, na unaweza kuzikuza hadi uone nyufa za karatasi. Zitazame mpaka uchoke, kisha urudi tena kesho.

Hapo hapo jifunze namba. Jefferson Burdick, fundi umeme wa Syracuse, ndiye aliyezipanga kadi za zamani kwa herufi na namba. Mkusanyo wake mwenyewe uko Metropolitan Museum of Art, New York. N ni tumbaku ya karne ya 19. Muuzaji akiandika "N172" lazima ujue anasema nini kabla hujauliza bei.

Hatua ya 2: Chagua seti moja

N28 ni ya Allen & Ginter wa Richmond, Virginia, mwaka 1887. Ina kadi 50 za rangi, lakini wachezaji wa besiboli ni 10 tu. Waliobaki ni mabondia, wapiga makasia, wanamieleka, hata Annie Oakley mlenga shabaha. Inapendeza, na ukiwa na subira unaweza kuwapata wote 10.

N172 ndiyo maarufu kwa jina la Old Judge, sigara ya Goodwin wa New York, kati ya 1886 na 1890. Hii haimaliziki: wachezaji zaidi ya 500, na wengi wao walipigwa picha katika mikao kadhaa. Hata hivyo ningekuambia uanze nayo, tena kwa mchezaji asiye maarufu, kadi iliyochakaa pembe. Sababu ni kwamba ni picha halisi, iliyosafishwa kwenye karatasi yenye ute wa yai na kubandikwa juu ya kadibodi ya takriban milimita 37 kwa 63. Itazame vizuri: mchezaji yuko studio, amekodolea macho mpira alioinulia mikono, na mpira wenyewe unaning'inia kwenye uzi! Kamera za wakati ule zisingeweza kuunasa ukiwa hewani. Mimi uzi huo haujanichosha mpaka leo.

Angalia pia mavazi. Kadi ya Cap Anson, nyota wa timu ya Chicago, akiwa na nguo za mtaani hupatikana. Anson yule yule akiwa na sare ni adimu mno, na bei inapaa ipasavyo.

Mwaka 1890 kampuni 5 kubwa, Goodwin na Allen & Ginter zikiwemo, ziliungana kuwa American Tobacco. Ushindani ukafa, kadi nazo zikaadimika. Ndiyo maana N300 ya 1895, ya kampuni ya tumbaku ya Mayo, iko karibu peke yake. Ina kingo nyeusi, na watu huzipaka wino palipochubuka; zikague.

Picha za zamani zaidi, za kabla ya kadi hizi, kama ile ya timu ya Brooklyn Atlantics ya 1865, waachie wenye uwezo. Moja iliuzwa dola 92,000 mwaka 2013.

Hatua ya 3: Isome karatasi

Nunua lenzi ya sonara. Ukiweka Old Judge chini yake hutakiwi kuona nukta zozote, kwa kuwa ni picha, haikuchapwa. Ukiona nukta, rudisha. Zilizopauka na kugeuka rangi ya waridi ni za kweli ila thamani imeshuka. Kwenye N28 nukta zipo, lakini zimetawanyika bila mpango, zilitiwa kwa mkono juu ya mawe ya kuchapia. Nukta zilizojipanga kwa safu au viduara sawasawa ni uchapaji wa kisasa.

Halafu zima taa, washa ya urujuanimno. Karatasi ya zamani hubaki butu. Ya kisasa mara nyingi inang'aa buluu. Geuza nyuma: N172 ni tupu, N28 ina orodha ya majina. Pima kwa rula pia, maana kingo zilizonyooka mno huenda zimekatwa upya. Alama ya gundi isikutishe, watoto walizibandika kwenye albamu.

Hatua ya 4: Nunua

Omba picha ya mbele, nyuma na kingo. Kwa kadi ya kwanza chukua iliyokwisha kupimwa na PSA au SGC, kampuni zinazothibitisha uhalisi wa kadi na kuzipa daraja. Hadithi ya "nimeikuta darini kwa babu" haiongezi thamani hata senti.

Hatua ya 5: Itunze

Mfuko wa poliesta, usio na plastiki aina ya PVC, mbali na mwanga. Usiioshe, usibandue gundi, na Old Judge isiguse maji kabisa, picha itaachana na kadibodi. Risiti na picha za pande zote mbili ziweke pamoja. Siku ya kuuza, mnunuzi makini ataulizia ulikoipata kabla ya bei.