Kujizoeza Uchunguzi wa Ushahidi wa Kidijitali Kabla ya Kufika Chuoni

Mwanafunzi wa Mbeya anayetaka kusomea uchunguzi wa makosa ya mtandao, awe anaelekea Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST) kwa kozi za kompyuta au Chuo Kikuu cha Dodoma chenye shahada ya fani hii, asingoje kufika darasani ndipo aanze mazoezi. Chukua flashi yako ya zamani, uweke picha tatu, uzifute, kisha utengeneze nakala kamili ya flashi nzima na kuichunguza kwa Autopsy, programu ya bure. Mara nyingi utaziona picha zile zile, kwa kuwa kufuta kwa kawaida huondoa kumbukumbu ya mahali faili lilipo, si data yenyewe.

Kabla ya kuchunguza, linganisha alama ya SHA-256 ya flashi na ya nakala, yaani alama inayokokotolewa na kompyuta kutokana na data yote na kubadilika data ikibadilika: kila moja ina herufi na tarakimu 64, na zikitofautiana hata mahali pamoja, rudia kazi. Andika daftarini tarehe, saa na kila aliyeishika flashi. Wengi hulipuuza daftari hili, ilhali mahakamani wakili wa upande wa pili huweza kuanzia hapo hapo kuutilia shaka ushahidi.

Soma pia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, wala usijifunzie kwenye simu ya mwenzako bila idhini yake.