Namna ya kuandaa mkusanyiko wa ridimu ya amani Bagamoyo

Ridimu, kama Wajamaika wanavyoiita, ni mdundo mmoja wa besi na ngoma ambao waimbaji wengi hupokezana, kila mmoja akiutilia maneno na lahani yake; nyimbo hizo zikiwekwa pamoja ndizo mkusanyiko. Asiye na bendi asivunjike moyo: mwaka 1985 King Jammy, mtayarishaji wa muziki wa Jamaika, alitoa Sleng Teng, mdundo uliozaliwa katika kinanda kidogo cha Casio MT-40, nao ukaimbiwa na wasanii chungu nzima.

Anza na besi. Kwa rege ya taratibu, mapigo 70 hadi 80 kwa dakika yanatosha. Katika kila mapigo manne, ngoma kubwa iangukie pigo la tatu, na gitaa likate la pili na la nne. Ukitaka dansiholi, mtoto wa rege mwenye haraka, ongeza kasi. Kabla ya kuukamilisha mdundo, waite waimbaji wote, wake kwa waume, kila mmoja avumishe sauti bila ala, ndipo uchague ufunguo, yaani kimo cha sauti, ambao hautamkaba mtu koo. Kwa kuwa TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, iko hapa hapa mjini, kumpata mpigaji wa msondo si kazi. Lakini ngoma moja inatosha, kwani ukijaza tano waimbaji watakosa pa kupita.

Kazi kubwa ni maneno. Ukiwaachia waimbaji kumi waimbe "amani, amani", utatoka na wimbo mmoja uliorudiwa mara kumi. Mwaka 1978 jijini Kingston, Bob Marley aliwaita jukwaani Michael Manley na Edward Seaga, mahasimu wa kisiasa ambao wafuasi wao walikuwa wakiuana, akaishikanisha mikono yao. Kinachokumbukwa hadi leo ni ile mikono. Kwa hiyo mgawie kila mwimbaji ugomvi wake: ndugu wanaogombea minazi ya marehemu baba yao, mkulima na mfugaji aliyelisha mahindi ya mwenzake, mashabiki wa Simba na Yanga waliopigana ngumi kijiweni. Beti la kwanza liutaje ugomvi bila kuuma maneno, na la mwisho lionyeshe kitendo cha kupatana, hata kama ni kurudisha jembe lililoazimwa tangu masika.

Rekodi usiku, pikipiki zikishapungua, katika chumba ulichokiegemezea magodoro ukutani. Chini ya bati tupu sauti hurudi kama ya mtu aliye ndani ya pipa.

Mgao wa mapato na mwenye mdundo viandikwe na kutiwa saini kabla ya mtu kushika kipaza sauti, kisha kazi isajiliwe COSOTA, Ofisi ya Hakimiliki Tanzania. Katika kupanga nyimbo, usifuatanishe sauti mbili nzito, na mwishoni kabisa uache mdundo mtupu, ili kijana wa Dunda au Magomeni, kata za hapa Bagamoyo, ambaye hukumwita auimbie ugomvi wa kwao.