Kabla Hujampelekea Fundi Gari Linalolia

Mwaka juzi Noah yangu ilianza kuvuma. Nikaipeleka gereji na kusema tu, "Fundi, linalia huko mbele." Nikabadilishiwa beringi mbili za magurudumu ya mbele, nikalipa, nikatoka, kufika lami, mvumo uko palepale. Kumbe zilikuwa tairi. Zililika kwa mawimbi, ukipitisha kiganja unahisi vimatuta. Pesa iliniuma, na tangu hapo siendi gereji kabla sijajua mlio unafuata nini.

Hilo ndilo swali la kwanza: mlio unafuata injini au magurudumu? Simamisha gari, vuta hendibreki, weka gia huru, kisha kanyaga mafuta taratibu. Mlio ukipanda pamoja na resi, yaani kasi ya mzunguko wa injini, tafuta upande wa injini. Usiposikika mpaka gari litembee, jaribu barabarani: katika mwendo uleule shusha gia moja. Injini itazunguka haraka zaidi lakini magurudumu yatabaki na kasi yao. Mlio usipobadilika, achana na injini.

Kabla ya kufungua boneti, andaa tochi, bisibisi ndefu, chupa ya maji na mtu wa kukaa kwenye usukani. Kanga, skafu na tai vibaki ndani ya gari, nywele ndefu zifungwe. Feni ya umeme inaweza kuwaka yenyewe hata kama umeshazima injini, maadamu bado ina moto.

Anza na usukani, kwa sababu ni rahisi. Mwenzako auzungushe gari likiwa limesimama. Mlio ukikua, shuku pampu ya stelingi, kisha angalia kopo la mafuta yake. Yakiwa chini ya alama au yana povu, pampu inavuta hewa. Ukiongeza itanyamaza, lakini mafuta hayo yamepotelea wapi? Mulika mipira yote utafute panapovuja. Aina ya mafuta soma kwenye kifuniko: Toyota nyingi za zamani hutumia ATF, yaani mafuta ya giaboksi ya otomatiki, Honda wana yao. Na gari lenye usukani wa umeme, kama IST, halina pampu hiyo kabisa. Ukiambiwa imekufa, chukua funguo zako uondoke.

Mkanda wa injini nao hulia sana asubuhi. Udondoshee maji kidogo injini ikiwa inazunguka, mkono ukiwa mbali. Mlio ukikatika au kubadilika ghafla, tatizo liko kwenye mkanda au ukazaji wake. Usipobadilika, zimebaki beringi za alteneta (inayochaji betri), puli ya kukazia na pampu ya maji. Hapo ndipo bisibisi inapofanya kazi: ncha kwenye bodi ya alteneta, mahali pasipozunguka na mbali na nyaya, mpini sikioni. Beringi nzima inavuma laini. Iliyochoka inasikika kama mchanga unaosagwa ndani ya kopo. Kama mlio unatoka kwenye spika, zima redio kwanza. Ukikoma, hiyo ni kazi ya fundi umeme.

Upande wa magurudumu, anza na kiganja kwenye tairi, kisha sikiliza kama mvumo unabadilika ukitoka lami laini kuingia ya kokoto. Ukibadilika sana, ni tairi. Kwa beringi, tafuta barabara tupu, yumbisha gari kidogo kushoto na kulia. Ukielekea kushoto uzito unalalia kulia, kwa hiyo mvumo ukizidi hapo, shuku gurudumu la kulia. Ukiinua gari kwa jeki, weka stendi. Jeki peke yake usiiamini. Shika springi huku ukizungusha gurudumu kwa mkono mwingine, na beringi mbovu utaihisi ikitetemeka vidoleni.

Mlio wa difu, yaani gia za ekseli ya nyuma, kwenye gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma huja ukikanyaga mafuta na hugeuka ukiachia. Pima oili yake kabla ya kukubali difu lishushwe. Ukiamua kuibadilisha, legeza kwanza nati ya kujazia. Ikigoma baada ya kumwaga oili, gari haliendi popote.

Yote hayo yaandike: mwendo gani, resi ngapi, injini baridi au moto, ukikata kona ipi. Kisha mwombe fundi apande gari mzunguke naye dakika kumi, mlio akiusikia mwenyewe, kabla hajagusa spana.