Vileo vya Italia: Agiza kwa Saa Yake

Kwa Waitaliano kileo kina saa yake. Kabla ya chakula cha jioni hunywewa kitu kichungu, maana uchungu hufungua hamu ya kula. Mezani hunywewa divai. Vikali na vitamu hungoja mpaka sahani ziondolewe. Ukiagiza limoncello, kileo kitamu cha malimau, saa kumi na mbili jioni hakuna atakayekukatalia, ila utakuwa umekosa utamu wa aperitivo, yaani kinywaji cha kabla ya chakula: kati ya saa kumi na mbili na saa mbili usiku, baa nyingi huleta zeituni, viazi vya kukaanga au vipande vya mkate pamoja na glasi, bila kukutoza zaidi.

Ukiwa Venice, Padova au Treviso, anza na spritz. Vipimo vyake ni prosecco (divai nyeupe yenye mapovu) mililita 90, Aperol (kileo chungu-kitamu cha rangi ya chungwa) 60 na maji ya soda 30. Jaza barafu kwenye glasi kubwa ya divai hadi mdomoni, tangulia na prosecco, fuatisha Aperol, malizia na soda, koroga mara moja, tumbukiza kipande cha chungwa. Aperol ikitangulia huzama kwa uzito wa sukari yake. Utalazimika kukoroga sana, na mapovu yatakufa. Usiionee barafu choyo. Vipande viwili vitatu huyeyuka upesi kuliko glasi iliyojaa, na muda si muda unakunywa maji yenye rangi ya chungwa. Ukiona Aperol ni tamu mno, omba “spritz con Campari”, yenye Campari, kileo chekundu kilicho kichungu zaidi. Wenyeji wa Venice hupenda ya Select, kileo kingine chekundu cha aina hiyo, yenye zeituni ndani. Ukinunua prosecco dukani ili uchanganye mwenyewe, angalia lebo: iliyoandikwa Extra Dry ina sukari nyingi kuliko Brut, ingawa jina, lenye maana ya “kavu zaidi”, linadanganya. Kwa spritz, chukua Brut.

Negroni ni habari nyingine. Inasimuliwa kwamba ilizaliwa Florence mwaka 1919, pale Count Camillo Negroni alipotaka Americano yake, kinywaji cha Campari, vermuti na soda, itiwe gini badala ya soda. Vipimo havisahauliki: gini mililita 30, Campari 30, na vermuti nyekundu 30, yaani divai iliyotiwa mitishamba na kuongezwa pombe. Vyote humiminwa juu ya barafu kubwa kwenye glasi fupi, vikakorogwa kama sekunde 20, kisha kipande cha chungwa. Haitikiswi; kutikisa huitia maji na kuifanya iwe na ukungu. Ikija na ladha ya uchachu uliochoka, mara nyingi kosa ni la vermuti: ni divai, na chupa iliyofunguliwa ikakaa rafuni wiki kadhaa badala ya friji huharibika.

Piga hesabu kabla ya kuagiza ya pili. Gini ya asilimia 40, Campari ya 25 na vermuti ya 16 hukupa takribani mililita 24 za alkoholi tupu, sawa na bia ya nusu lita ya asilimia 5. Tofauti ni kwamba bia utaimaliza kwa nusu saa, na hii ni mafunda machache. Spritz ina kama theluthi mbili za hiyo. Asiyezoea uchungu aanze na Americano: Campari 30, vermuti 30, soda ya kujazia.

Bellini ni prosecco na rojo la pichi nyeupe, ikihusishwa na Harry's Bar ya Venice. Inywe majira ya joto, pichi zikiwa zimeiva. Nje ya msimu huo utapewa juisi ya chupa kwa bei ileile.

Baada ya chakula, limoncello ni ya kusini: Sorrento, Amalfi, Capri. Huja baridi sana, kwenye kiglasi kidogo, na hunywewa taratibu. Nzuri hutengenezwa kwa maganda ya malimau, ile sehemu ya njano tu. Weupe wa ganda huleta ukakasi. Njano inayong'aa kama rangi ya plastiki huwa imetiwa rangi.

Grappa hutokana na makapi ya zabibu zilizokamuliwa, na kisheria haishuki chini ya asilimia 37.5. Usiingize pua ndani ya glasi. Nusa kwa mbali, onja tone. Ikikushinda, omba “caffè corretto”, espresso iliyotiwa grappa kidogo tu. Kwa tumbo lililoshiba sana kuna amaro, pombe chungu ya mitishamba: Montenegro ni laini kwa mgeni, Fernet-Branca ni dawa kabisa.

Bei hutegemea unapokunywa. Kusimama kaunta, “al banco”, mara nyingi ni nafuu kuliko kuketi, “al tavolo”, na kwenye viwanja maarufu vya mjini tofauti hiyo huuma. Soma orodha ya bei kwanza. Ukikodi gari, kikomo ni gramu 0.5 za alkoholi kwa lita ya damu, na kwa mwenye leseni isiyotimiza miaka mitatu ni sifuri.

Chupa za zawadi zifunge ndani ya nguo kwenye begi la kukabidhi uwanja wa ndege. Madukani Italia huuzwa pia pombe tupu ya asilimia 95, ya kutengenezea limoncello nyumbani. Hiyo iache hukohuko: kinachozidi asilimia 70 hakiruhusiwi ndegeni, si mkononi wala kwenye begi kubwa.