Kujiandikisha kupiga kura Kigoma na Tabora: anza kabla vituo havijafunguliwa

Daftari la Kudumu la Wapiga Kura halifunguliwi kila siku. Sheria inaitaka Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi iliboreshe mara mbili kati ya uchaguzi mkuu mmoja na unaofuata, na Tume huipanga mikoa kwa mizunguko. Mwaka 2024 uboreshaji ulizinduliwa Kigoma tarehe 20 Julai. Vituo vilifanya kazi siku saba tu, saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni. Kwa mvuvi aliyeko dago, yaani kambi ya uvuvi, au mrina asali aliyezama porini Sikonge, siku saba zinapita kabla habari haijamfikia.

Cha kwanza ni kujua unaombea nini. Fomu Na. 1 ni ya anayejiandikisha kwa mara ya kwanza: raia mwenye miaka 18, au atakayeifikisha kabla ya siku ya kupiga kura. Fomu Na. 5A ni ya aliyemo tayari kwenye Daftari lakini amehama, taarifa zake zina kosa, au kadi yake imepotea au kuharibika. Fomu Na. 5B ni ya kuondoa jina la aliyefariki au aliyepoteza sifa. Ndugu wa marehemu hii huisahau karibu kila mara.

Aliyepoteza kadi ndiye huharibikiwa zaidi. Anaona haya kusema imepotea, anajifanya mpya na kujaziwa Fomu Na. 1. Vidole vyake vimo kwenye mfumo tangu mwanzo, vitamuumbua. Na kujiandikisha zaidi ya mara moja ni kosa: faini ya shilingi 100,000 hadi 300,000, au kifungo cha miezi 6 hadi miaka 2, au vyote pamoja. Sema tu imepotea. Kama una nakala yake au picha kwenye simu, nenda nayo.

Kosa la pili ni kuchanganya madaftari. Walioandikishwa tarehe 11 hadi 20 Oktoba 2024 kwa ajili ya uchaguzi wa serikali za mitaa waliingia kwenye orodha iliyosimamiwa na TAMISEMI, ofisi ya serikali inayoshughulikia tawala za mikoa na serikali za mitaa, si Tume. Orodha ile haikutoa kadi ya mpiga kura, na kuwamo humo si kuwamo kwenye Daftari la Kudumu.

Nenda kituo cha mahali unapoishi sasa. Ukihama Kasulu ukahamia Urambo, taarifa zako hazikufuati zenyewe. Aliyemo kwenye Daftari anaweza kuanza kuhama au kurekebisha taarifa kwenye mfumo wa mtandaoni wa Tume, kisha afike kituoni kukamilisha na kuchukua kadi. Anayejiandikisha mara ya kwanza hana njia hiyo, lazima afike mwenyewe.

Mikoa hii ina wakimbizi, kwa hiyo suala la uraia huulizwa. Mkimbizi wa Nyarugusu au Nduta hana haki ya kujiandikisha. Aliyepewa uraia wa tajnisi, yaani wa kuomba na si wa kuzaliwa, kama wengi wa Ulyankulu, makazi ya zamani ya wakimbizi wa Burundi, anayo, na abebe cheti chake asije akabishana mezani bila karatasi.

Vikundi vinavyohamasisha mwambao wa Ziwa Tanganyika viangalie mwezi kabla ya kupanga ratiba. Usiku wa giza wavuvi wa dagaa wako majini na asubuhi wamelala, wafuateni mchana. Mbalamwezi ikikolea, wako nyumbani.

Kituoni, wajawazito, wenye watoto wachanga, wazee na watu wenye ulemavu hawapangi foleni. Mwandishi msaidizi hujaza fomu, mwendeshaji wa mashine ya BVR, ya kuandikisha kwa alama za mwili, huingiza taarifa, kisha huchukua picha, alama za vidole na saini. Mkulima wa tumbaku aoshe mikono kwa sabuni mpaka utomvu mweusi utoke, la sivyo mashine itakataa vidole mara tatu nne na foleni nyuma yake itaanza kunung'unika. Mafuta ya kupaka nayo yaachwe asubuhi hiyo.

Jina litaje kwa herufi, moja moja. Huku R na L hubadilishana bila kuaga: Bitariho huandikwa Bitaliho, na cheti cha kuzaliwa kinasema vingine. Kadi huchapwa papo hapo. Usiinuke kwenye kiti kabla hujasoma jina, tarehe ya kuzaliwa na kituo. Kosa likibainika ukiwa nyumbani, ni Fomu Na. 5A na foleni upya.