Umepigwa faini ndogo? Fanya hivi kabla siku hazijaisha

Watu wengi wakipewa kile kikaratasi cha faini, iwe ya kupaki vibaya, spidi, kupanda treni bila tiketi au kutupa taka ovyo, wanafanya moja kati ya mawili: wanalipa hapohapo kwa woga, au wanakitupia kwenye droo wakidhani kitasahaulika. Hilo la pili ndo baya kabisa, na inaniuma sana kuona mtu anadaiwa mara mbili ya pesa ya mwanzo kisa hakufungua bahasha.

Kwanza tulia. Nchi nyingi makosa haya hayahesabiwi kama jinai, kwahiyo kawaida hayaingii kwenye rekodi yako ya uhalifu. Ila usichukulie poa, maana faini ya spidi inaweza kugusa leseni yako na bima ikapanda.

Sasa soma karatasi yote. Angalia nani kaitoa, kifungu cha sheria, tarehe, saa, mahali, namba ya gari, alafu geuza nyuma, kule kwenye maandishi madogo ndo mara nyingi wanaweka siku ya mwisho ya kujibu. Hiyo siku iweke kwenye simu sasa hivi, na alamu ilie siku kadhaa kabla. Muda wenyewe ni mfupi kweli, Ujerumani una wiki mbili tu za kupinga tangu upokee barua, jimbo la Ontario kule Kanada ni siku 15, na Uingereza faini ya parking ya halmashauri kwa kawaida ukilipa ndani ya siku 14 unalipa nusu.

Hapo una njia tatu. Ukilipa, sehemu nyingi umeshakubali kosa na imeisha, huwezi kurudi kesho ukadai kusikilizwa. Sehemu zingine unaweza kuomba kukaa na mwendesha mashtaka kabla ya kesi, mkakubaliana kosa dogo zaidi au faini ipunguzwe, na hii njia watu wanaisahau wakati inasaidia sana. Ya mwisho ni kupinga.

Kwenye kupinga, "sikujua" haikuokoi, kwasababu makosa mengi ya aina hii hayaangalii nia yako. Mwaka 1978 Mahakama ya Juu ya Kanada, kwenye kesi ya Sault Ste. Marie, ilieleza kwamba kuna makosa ambayo unapona ukionyesha ulichukua tahadhari zote ambazo mtu makini angechukua, na kuna mengine ukishatenda tu umeshatenda. Kwahiyo ulizia lako liko kundi gani. Na jina lako likikosewa herufi moja usishangilie, mara nyingi linarekebishwa tu kesi inaendelea.

Kinachobeba kesi ni ushahidi. Tuseme kibao cha kukataza kupaki kilifunikwa na matawi, piga picha siku ileile kabla hawajayakata, moja ukiwa umekaa kiti cha dereva, moja ya mbali ionyeshe gari na kibao pamoja, moja ya karibu. Alafu andika ilivyokuwa kumbukumbu ikiwa bado mbichi.

Mahakamani fika mapema, beba nakala zako, moja ya hakimu, moja ya upande wa pili, moja yako. Jibu ulichoulizwa. Afisa akimaliza kutoa ushahidi muulize maswali badala ya kubishana nae: alisimama wapi, alikuona vipi, kama ni spidi, kifaa cha kuipima kilikaguliwa lini mara ya mwisho. Ukishindwa, omba palepale muda wa kulipa au kulipa kwa awamu, mahakama nyingi zinakubali ukieleza kipato chako.

Na kama siku ilishapita usijifiche. Yawezekana umehukumiwa bila wewe kuwepo na gharama zimeongezwa, ila sehemu nyingi unaweza kuomba kesi ifunguliwe upya kama kulikuwa na sababu ya kweli, mfano ulikuwa umelazwa au barua ilienda anwani ya zamani. Nenda ofisi ya mahakama haraka ukiwa na karatasi ya kuthibitisha hilo, maana hata hayo maombi yana muda wake.