Jinsi ya kucheza michujo ya gofu bila kufilisika, kwa pro anayeanza

Vijana wengi wakitaka kuwa mapro wanauliza kitu kimoja, nipige mikwaju mingapi ndio nipite mchujo, yaani yale mashindano ya kugombania nafasi ya kuingia mashindano makubwa. Swali si baya ila linakuja la pili. La kwanza ni hili: ukikosa kupita, wiki ijayo utacheza na nini? Maanake mchujo utaukosa mara nyingi kuliko utakavyoupita, hiyo ni hesabu tu, watu wengi wanagombania nafasi chache, na anayefika mbali ni yule ambaye akishakosa bado ana nauli, ana mipira, na kichwa chake kimetulia. Kwa hivo mengi nitakayosema hapa ni ya kupanga, swing yako, yaani jinsi unavyopiga mpira, malizana na kocha wako.

Kwanza jua ngazi, maanake watu wanapenda kuruka. Hapa Afrika Mashariki unaanzia mashindano ya mapro ya nyumbani. Zamani tulikuwa na Safari Tour (tour ni mfululizo wa mashindano ya mapro), saa hizi kuna Sunshine Development Tour upande wetu huu, na hapo ndipo mapro wetu wanapigania nafasi za Kenya Open na njia ya kwenda Sunshine Tour kule Afrika Kusini. Kenya Open si mashindano ya juzi, ipo tangu 1967, Seve Ballesteros wa Hispania aliichukua 1978 na Ian Woosnam wa Wales 1986, na tangu 2019 iko kwenye ratiba kubwa ya Ulaya, ile sasa inaitwa DP World Tour. Yaani mtu aliyeanza kwa kubeba begi za wanachama anaweza kujikuta kwenye ti moja (pale mnapoanzia shimo) na watu anaowaonaga kwenye TV, bila kupanda ndege. Hiyo nafasi usiidharau.

Baada ya hapo ndio Q-School, mchujo wa kugombania kadi, yaani haki ya kucheza tour msimu mzima. Ya Ulaya ina hatua tatu, ya mwisho inachezwa Infinitum karibu na Tarragona, Hispania, raundi 6, baada ya raundi 4 walio nyuma wanaondolewa, na mwishoni kadi zinaenda kwa kama 20 wa juu. Ya Marekani ni kali zaidi, PGA Tour, ile tour kubwa ya kule, ilirudisha kadi za moja kwa moja kupitia Q-School 2023 na zinaenda kwa watu 5 tu wa juu, wengine wanashuka Korn Ferry Tour, tour ya ngazi ya pili, au chini zaidi. Maoni yangu, na najua kuna watu watakasirika, usilipe ada ya Q-School ya ng'ambo kama bado hujazoea kumaliza kwenye kundi la juu hapa nyumbani. Ada hizo hazirudi. Kujipima ni rahisi: chukua raundi zako zote za mashindano za karibuni, zote, ata ile uliyopiga 81 mvua ikinyesha, ulizochezea ti za nyuma, tafuta wastani. Kama wastani uko juu ya paa (idadi ya mikwaju ambayo uwanja au shimo limepangiwa) huku Limuru au Thika, Hispania hakuna muujiza unakusubiri.

Sasa pesa. Andika kila mashindano kwenye karatasi kabla hujajiandikisha: ada ya kuingia, nauli kwenda na kurudi, kulala kuanzia siku ya raundi ya mazoezi, chakula, kedi (mbeba begi), mipira, glavu, na pesa ya simu. Alafu weka mistari miwili, nikichujwa katikati ya mashindano nimetumia ngapi, nikimaliza siku zote nimetumia ngapi. Wengi wanahesabu ule mstari wa kwanza peke yake, sasa wakipita mchujo wa katikati siku ya Ijumaa wanaanza kupigia watu simu kutafuta pa kulala Jumamosi, na hiyo ndiyo siku walitakiwa kulala mapema! Na ujue kwenye mashindano mengi ya mapro ukichujwa unaenda nyumbani mikono mitupu, hakuna asante. Kwa hivo usihesabu zawadi kama mapato. Mapato yako ni kufundisha, pro-am (pro kucheza pamoja na wasio mapro), na wafadhili, zawadi ikija ni ya kulipa ada zinazofuata.

Kuhusu wafadhili, usiende kwa mzee wa klabu ukamwambia nisaidie, hiyo ameambiwa na kila mtu. Nenda na karatasi moja: msimu huu nacheza haya, kila moja inagharimu hivi, matokeo yangu ya mwaka jana ni haya, naomba unishikie mashindano mawili. Mawili. Mtu anaweza kukubali kitu kinachoisha, ila hawezi kukubali kukulea. Na kila ukimaliza mtumie ujumbe, mbaya au nzuri, ata kama umepiga 79. Wale wanaonyamaza wakishindwa ndio wanaopoteza wafadhili, si wale wanaoshindwa. Na mkikubaliana kuhusu kugawana zawadi, iandikwe, heshima yako kwa mzee haipungui kwa sababu kuna karatasi.

Visa nayo ni sehemu ya mchujo, usicheke. Afrika Kusini Mkenya anaingia bila visa hadi siku 90 kwa mwaka tangu Januari 2023, lakini hiyo ni ya kutembea, kwa hivo uliza ubalozi kabla kuhusu kwenda kucheza kwa pesa na upate barua ya waandaaji. Hispania unahitaji visa ya Schengen, maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yanatakiwa yawe yamefika angalau siku 15 kabla, lakini miadi yenyewe inaweza kuchelewa hivo hizo siku 15 usizitegemee. Ukishalipa ada ya Q-School, siku hiyo hiyo anza visa.

Haya, tuje kwenye mchezo, na hapa kuna kitu watu hawakitofautishi. Mchujo wa mashimo 18 na mchujo wa raundi 4 ni michezo miwili tofauti. Ule wa siku moja, kama zile kolifaya (michujo) za Jumatatu kule Marekani ambazo kwa miaka mingi zilikuwa zinatoa nafasi 4 kwa mashindano mengi ya PGA Tour, hakuna haja ya kupiga 70 safi, 70 inaenda nyumbani sawa tu na 78. Pale unashambulia bendera, mashimo yote ya paa 5 unafika grini (ile nyasi fupi yenye shimo) kwa mikwaju miwili kama inafikika, na ukipata dabo bogi (mikwaju 2 juu ya paa kwenye shimo moja) mapema unaongeza moto badala ya kujificha. Corey Conners, pro wa Kanada, 2019 aliingia Texas Open kwa mchujo wa Jumatatu, tena kwa pleyofu (mchezo wa ziada wa waliolingana) ya watu sita wakigombania nafasi moja, na Jumapili akashinda mashindano yenyewe na akapata nafasi ya kwenda Masters, moja ya mashindano makubwa kabisa ya gofu, wiki iliyofuata. Hadithi tamu sana. Lakini wale watano wengine wa ile pleyofu walifungasha begi siku ile ile, kwa hivo usipange bajeti ya mwaka kwa hadithi ya Conners.

Raundi 4 ni kitu kingine kabisa. Huko adui ni dabo bogi. Mtu anayepiga 70, 71, 70, 70 kwenye paa 72 yuko 7 chini ya paa, na hajafanya chochote cha kuposti. Angalia kadi za alama za wanaochujwa utaona badi (mkwaju 1 chini ya paa) zipo, tena nyingi, zimeliwa na shimo moja lililopigwa mikwaju 7 na lingine mikwaju 8. Kwa hivo ukiwa kwenye miti, toa mpira upande ulio wazi, ata kama ni kurudi nyuma, weka mpira kwenye grini kwa weji (fimbo fupi), bogi (mkwaju 1 juu ya paa) ni bogi, tembea. Ile ya kupitisha mpira kwenye kijidirisha kati ya matawi mawili iachie Jumamosi na marafiki.

Raundi ya mazoezi. Wengi wanaitumia kupiga draiva (fimbo ya mbali zaidi) na kupiga stori. Unachotakiwa kujua ni mahali pa kukosea. Kila grini ina upande ambao ukikosa unachipu rahisi na upande ambao ukikosa umeisha, andika kwenye kijitabu, alama moja tu kwa kila grini inatosha. Alafu acha kuputi kwenye bendera ya leo, haitakuwa hapo kesho, weka kijiti cha ti kwenye zile kona nne ambazo unaona kabisa ndio watatoboa shimo, puti kuelekea huko. Kuhusu umbali, Nairobi iko juu, kama mita 1,700 hivi, hewa nyepesi na mpira unaenda mbali zaidi, sasa ukishuka pwani, Vipingo au Diani, na vipimo vya Muthaiga ya Nairobi utakuwa mfupi siku nzima alafu unalaumu fimbo, na upepo wa bahari bado hujauhesabu. Tengeneza orodha mbili za umbali, ya juu na ya pwani. Na wale wanaotoka pwani kuja huku, jihadharini na rafu (nyasi ndefu ya pembeni) ya nyasi ya kikuyu, inashika shingo ya fimbo na kuizungusha, draiva ikikosa feawei (njia ya katikati iliyokatwa) chukua aini fupi utoke, usijaribu ushujaa na fimbo ndefu.

Mipira, hii naisisitiza kwa wale waliotoka kwenye ukedi juu wengi wamezoea kucheza na mpira wowote waliookota bwawani. Mashindano mengi ya mapro yana sheria ya mpira mmoja: ukianza raundi na aina fulani, unamaliza na aina hiyo hiyo, modeli ile ile. Russell Henley, pro wa Marekani, 2019 kule Mexico aligundua baada ya raundi kwamba mpira mmoja aliochezea ulikuwa modeli karibu sawa lakini si ile aliyoanza nayo, akajiripoti mwenyewe, akapigwa mikwaju 8 ya adhabu, 69 ikawa 77, akachujwa. Kwa hivo usiku kabla mwaga begi lote kitandani. Toa kila mpira usio wa modeli yako, hesabu fimbo zisizidi 14, na angalia kama rafiki hajakuachia weji yake baada ya mazoezi, inatokea.

Siku yenyewe kuna sheria chache zinazoua watu bila hata kupiga mpira. Ukichelewa ti ndani ya dakika 5 ni mikwaju 2 ya adhabu, ukizidi hapo umeondolewa, na foleni ya Thika Road si sababu. Mashindano ya kuhesabu mikwaju yote huruhusiwi kwenda kujaribu mipira uwanjani kabla ya raundi yako siku hiyo, renji (uwanja wa kupigia mazoezi) na grini ya mazoezi zinatosha. Mpira ukipotea una dakika 3 za kutafuta, si 5, ilibadilika 2019, kwa hivo ukiwa na shaka tamka wazi kwamba unapiga mpira wa akiba kabla hujaondoka, ukinyamaza ule wa pili ndio umekuwa mpira wako. Kipima umbali, kama kinaruhusiwa, zima ile kazi ya kuhesabu mwinuko. Na kadi ya alama: mkimaliza usisaini ukiwa umekasirika. Kaa chini, soma shimo kwa shimo na anayekuandikia, ukisaini alama ya chini kuliko uliyopiga umeondolewa, jumla si kazi yako lakini kila shimo ni jukumu lako.

Chakula kiwe kile unachokulaga. Mtu anakula buffet ya klabu mara ya kwanza mwaka mzima asubuhi ya raundi, alafu shimo la 6 anatafuta choo. Uji, mayai, ndizi mbili kwenye begi, karanga, maji. Kedi naye ale, mnunulie kabla hamjaanza, na mkubaliane malipo siku ya mazoezi si kwenye paking baada ya kuchujwa. Kama una kaka au rafiki anayekujua vizuri, mara nyingi ni bora kuliko kedi mjuaji anayekubishia kila fimbo, ila kwenye uwanja usioujua chukua kedi wa pale pale, grini zake amezizoea tangu utotoni.

Ubao wa matokeo mimi nasema usiuangalie mpaka mashimo matatu ya mwisho ya siku ya mwisho. Kabla ya hapo hautakusaidia chochote, labda kukutisha au kukulewesha. Hayo matatu angalia, maanake hapo ndio unaamua kama ile paa 5 yenye maji unaishambulia au unalaza mpira kabla ya maji.

Na ukikosa kwa mkwaju mmoja au miwili, usikimbilie stendi ya basi. Uliza ofisi ya mashindano kama kuna orodha ya akiba na wewe ni namba ngapi, juu watu wanaumia mgongo, wanakosa ndege, wanajitoa. Ukiwa namba 1 au 2, siku ya kwanza ya mashindano yenyewe fika kabla ya kundi la kwanza kuondoka, umevaa, umepasha misuli, kedi yuko karibu, na ukae pale mpaka kundi la mwisho la mchana liondoke, maanake nafasi inaweza kutokea saa tano na wakikuita huna muda wa kwenda kutafuta viatu. Ukiwa namba 9, okoa pesa ya kulala, nenda nyumbani, lipa ada ya ile inayofuata kabla hujaitumia kwa kitu kingine.